Mkimbizi wa Jumuiya ni mwananchi wa Jumuiya

Barua ya wazi kwa Wakuu wa Nchi Wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Baraza la Mawaziri na Wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki, Arusha

Waheshimiwa,

Sheria ya Wakimbizi ya Kenya, iliyotiwa saini Novemba 2021 na kuanza kutumika mwaka uliofuata, ina kifungu ambacho nimekisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote kilichomo nyumbani mwangu. Kinasema kwamba mkimbizi anayetoka nchi mwanachama wa Jumuiya anaweza, kwa hiari yake, kuiacha hadhi ya ukimbizi ili anufaike na haki zinazotokana na Mkataba wa Jumuiya. Nchi yangu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilijiunga nanyi mwaka 2022. Kwa hiyo kifungu hicho kinanihusu mimi, na Wakongo wenzangu walioko kwenye kambi ya Kakuma, makazi ya Kalobeyei na mitaa ya Nairobi. Kinawahusu Warundi na Wasudani Kusini na, tangu mwaka 2024, Wasomali pia.

Naamini waliokiandika walikusudia mema. Nawaomba mkitazame kutoka upande wetu. Ili nidai haki za mwananchi wa Jumuiya, lazima niwe na pasipoti. Pasipoti hutolewa na serikali ya nchi niliyoikimbia. Na nikishaipata, nikishauacha ukimbizi, ile kinga ya kutorudishwa kwenye bunduki nayo nimeiacha. Naambiwa nichague: ama ulinzi, ama mahali pa kuishi kama watu. Mfanyabiashara wa Lubumbashi anayekuja Nairobi na pasipoti yake mfukoni hatakiwi kuacha chochote ili ahesabiwe kuwa wa Jumuiya. Anayetakiwa kuacha kitu ni yule aliyefika usiku akiwa amekwisha kuacha nyumba, shamba na makaburi ya wazee wake.

Itifaki ya Soko la Pamoja nayo haitusaidii. Ilianza kutumika Julai 2010, na ibara yake ya 7 ndiyo inayotoa uhuru wa kusafiri kwa wananchi wote wa Jumuiya. Lakini ibara hiyo hiyo inaongeza kwamba usafiri wa wakimbizi ndani ya Jumuiya utaongozwa na mikataba ya kimataifa inayohusika. Ni sentensi moja, na kwa sentensi hiyo tumewekwa kando. Mlipoipitisha mlikuwa nchi tano. Leo mko nane. Sudan Kusini, Kongo na Somalia zimeingia pamoja na vita vyao na watu wao waliotawanyika, na sentensi ile bado iko pale pale.

Mimi ni mtu wa Fizi, Kivu Kusini, kwenye ufuo wa Tanganyika. Nilivushwa ziwa nikiwa mtoto, mwaka 1996, kwa mtumbwi wa wavuvi, tukashukia upande wa Kigoma. Sitausimulia usiku ule. Walioupitia wanaujua, na ninyi hamhitaji machozi yangu ili muamue jambo la haki. Nitasimulia kilichoutangulia, kwa sababu hicho ndicho kinachosahaulika kila mnapoketi kuzungumzia amani ya mashariki ya Kongo.

Sheria ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ya mwaka 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wakiishi Kivu tangu kabla ya mwaka 1960. Mwaka 1981 ikaja sheria nyingine ikaufuta uraia huo, ikataka mtu aonyeshe kwamba kabila lake lilikuwapo ndani ya mipaka ya nchi mwaka 1885. Nani ana karatasi ya mwaka 1885? Watu waliolala wakiwa wananchi waliamka wageni, ndani ya nyumba zile zile, wakichunga ng'ombe wale wale. Ilichukua miaka kumi na mitano kutoka karatasi ile hadi Oktoba 1996, wakati kiongozi mmoja wa mkoa wetu alipowaamuru Wanyamulenge, Watutsi wa Kivu Kusini, waondoke nchini ndani ya wiki moja. Sababu za vita vya Kongo ni nyingi. Yako madini, yako mabaki ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 yaliyovuka mpaka, iko serikali ya Mobutu, rais wa Zaire, iliyokuwa imeoza. Lakini kabla ya majeshi kuja, majirani walikuwa wamekwisha kugawanywa kwa swali la nani ni wa hapa na nani si wa hapa.

Mimi si Mnyamulenge. Ninatoka kwenye jamii iliyozika watu wengi katika vita vilivyofuata. Makobola, ambako raia waliuawa kwa wingi mwishoni mwa Desemba 1998, kwetu si jina la kwenye ripoti. Tuna ndugu zetu pale. Hata hivyo nasema, na huwa nawaambia watu wangu mwenyewe ingawa si wote wanaopenda kunisikia: siku tulipokubali kwamba jirani yetu anaweza kufutwa kwa sheria, tulikuwa tumeruhusu na sisi tufutwe. Wengi tuliofutwa baadaye tulifutwa na watu waliojifunza kwa kufutwa.

Historia ya Rwanda inasema hivyo hivyo. Watutsi walioikimbia kuanzia mwaka 1959 waliishi Uganda miaka mingi bila kuwa wa huko kamili na bila kuruhusiwa kurudi kwao. Mwaka 1982 maelfu yao walifukuzwa Mbarara na maeneo ya jirani, wakasukumwa hadi mpakani, ambako hapakuwa na aliyewataka. Tarehe 1 Oktoba 1990 vijana waliokulia katika hali hiyo waliuvuka mpaka wakiwa na silaha. Sisemi haya kuhalalisha bunduki ya mtu yeyote. Nimeona bunduki inafanya nini. Nasema tu kwamba eneo letu limelipa gharama kubwa mno kwa kuwaacha watu wakae vizazi viwili au vitatu pasipo pao, na kwamba jambo hili ni la amani na usalama kabla halijawa la huruma.

Na wengi katika ninyi mnalijua kwa miili yenu. Rais Kagame aliondoka Rwanda akiwa mtoto mdogo akakulia katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda. Rais Museveni alikimbilia Tanzania baada ya mapinduzi ya Idi Amin ya Januari 1971. Joseph Kabila, aliyekuwa rais wa Kongo, alisoma Tanzania wakati baba yake akiishi uhamishoni. Serikali ya mpito ya Somalia iliundwa Nairobi mwaka 2004 kwa sababu Mogadishu hapakukalika. Jumuiya hii, kwa sehemu kubwa, imejengwa na watu waliowahi kuishi kwa ruhusa ya majirani. Sielewi, nasema kwa heshima na kwa uchungu, ni vipi watu hao hao wameandika sheria inayomwona mkimbizi kama mgeni wa pembeni.

Nilikulia Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka ule ule tuliokimbia. Tulisoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, tukitayarishwa kurudi kwenye nchi ambayo walimu wetu wenyewe walikuwa hawajaiona tena tangu wakimbie. Wenzetu wa vijiji vya jirani walisoma mtaala wa Tanzania. Tulikutana nao sokoni, kisimani na kwenye mpira, tukazungumza Kiswahili tukaelewana, lakini vyeti vyetu havikuelewana. Kutoka kambini kulihitaji kibali. Kulima shamba la maana kulihitaji ardhi, na ardhi haikuwa yetu kuigusa. Baba alimkataza mama kupanda mwembe, akisema mwembe ni wa mtu anayekaa. Mama aliupanda. Wadogo zangu wamekula embe zake, na baba pia alikula, kabla hajazikwa kule kule.

Watu huniuliza kama ninakumbuka nyumbani. Ninakumbuka, lakini si kwa namna wanayoitaka. Wanataka milima na ziwa. Mimi kinachonisumbua ni kwamba sina mahali ambapo kosa langu ni kosa la mtu mmoja. Mkenya akiiba, ameiba yeye. Mkongo akiiba Nairobi, tumeiba wote, na wiki hiyo kila mmoja wetu hupita njia ya mzunguko kurudi kwake ili asikutane na kizuizi cha polisi. Huko ndiko kutokuwa wa mahali: kulijibia jina ambalo hukulichagua, kila siku, mbele ya mtu anayeigeuza kadi yako mara mbili mbili akitafuta sababu. Wengine huombwa "chai", wengine hulala selo. Mtoto aliyezaliwa hapa, asiyejua nchi nyingine yoyote, huanza kujifunza mapema kuizuia lafudhi ya mama yake awapo njiani.

Mimi ni mwandishi, na ninaandika kwa Kiswahili. Mwaka 2021 mliamua kwamba Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya, nami nilifurahi kwa dhati, maana ni lugha ya soko la Baraka nilikozaliwa na ya kambi iliyonilea. Muda si mrefu baadaye nikataka kushiriki shindano moja la uandishi wa Kiswahili lililotangazwa kwa Waafrika Mashariki. Fomu ilidai namba ya kitambulisho cha taifa. Namba ya kitambulisho changu cha ukimbizi haikukubaliwa. Niliandika kuuliza, nikajibiwa kwa upole kwamba utaratibu ndio huo. Wapo vijana wenye vipaji kunishinda, kule Kakuma na Nyarugusu, ambao hata hawajaribu tena kujaza fomu za namna hiyo. Hilo linaniumiza kuliko langu.

Najua majibu yenu, na mengine yana uzito.

Mtasema usalama. Kenya ililia shambulio la kigaidi la Westgate mwaka 2013, ikalia la Garissa mwaka 2015 ambako watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Sisi tuliokimbia wauaji hatuwezi kuyadharau majonzi hayo. Lakini serikali ilipoamua mwaka 2016 kuifunga kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Mahakama Kuu ya Kenya iliibatilisha amri hiyo Februari 2017 na kuona kwamba inawabagua watu kwa kundi lao. Mtu aliyesajiliwa kwa jina lake na alama za vidole, anayefanya kazi inayojulikana na kulipa kodi, ni rahisi kumpata kuliko mtu aliyelazimishwa kuishi kwa kujificha.

Mtasema mzigo. Hapa nawatetea wenyeji wetu. Waturkana walitupokea kwenye ardhi kavu ambako wao wenyewe hawana maji ya kutosha. Watu wa Kigoma waliona misitu yao ikiisha kwa kuni zetu. Uganda inahifadhi wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, huku misaada ikipungua. Kakuma, mwaka 2025, mgao wa chakula ulikatwa, watu wakapangwa kwa makundi ya nani ana shida zaidi, na wengine wakaambiwa hawatapewa tena. Basi kama wafadhili wanaondoka na mkimbizi bado hawezi kutoka kambini kwenda kutafuta kibarua, tunategemea ale nini? Mpango wa Shirika ambao Kenya iliuzindua Machi 2025, wa kuzigeuza kambi kuwa makazi ya kawaida yenye wenyeji na wakimbizi pamoja, nauunga mkono kwa moyo wote. Nauombea usibaki kuwa kambi ile ile yenye jina jipya.

Eneo letu limewahi kufanya makubwa kuliko hili ninaloliomba. Tanzania iliwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 ikawapa mashamba Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha wenyewe. Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen, tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa wanaowasaidia wakimbizi, mwaka 1983, na mwaka 2014 watu wapatao 162,000 wa makazi hayo walithibitishiwa uraia wa Tanzania. Tanzania hiyo hiyo iliwapokea Wazigua waliotoka Somalia, wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19, waliokuwa bado wanakizungumza Kizigua. Vita vya Somalia vilipowafukuza walirudi walikotoka mababu zao, wakapewa ardhi Chogo, Handeni, na wengi wakapewa uraia. Kenya nayo iliwaacha Wamakonde bila vitambulisho kwa miongo mingi hadi mwaka 2016, walipotembea kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais. Baada ya hapo walipewa vitambulisho na kutambuliwa kuwa kabila la 43. Hakuna lililokuwa limebadilika katika damu yao kati ya mwaka wa kwanza na wa mwisho. Kilichobadilika ni uamuzi wa mtu mwenye kalamu.

Afrika Magharibi imekwenda karibu kabisa na hili ninalolisema. Mwaka 2007 Naijeria ilikubaliana na Liberia na Siera Leone kwamba wakimbizi wa nchi hizo waliotaka kubaki Naijeria wapewe pasipoti za nchi zao na vibali vya kuishi kwa mujibu wa itifaki ya usafiri huru ya jumuiya yao, ECOWAS. Pale vita vilikuwa vimekwisha, na huo ndio upungufu wa mfano huo kwetu. Sisi vita vyetu bado vinaendelea. Goma ilitekwa mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na watu waliovuka mto Ruzizi kuingia Burundi walirundikana kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Walitoka nchi moja ya Jumuiya wakaingia nyingine. Kwa karatasi za Jumuiya, walipotea walipokuwa katikati ya mto.

Kuna jambo jingine ambalo pengine wengi wenu hamjalifikiria, na ndilo lililonifanya niiandikie Jumuiya badala ya kuiandikia nchi moja. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchangamani na mwingine. Kenya ikinipa uraia kesho, nitashukuru, lakini Kongo itakuwa imenifuta. Mama yangu hataki kuwa kitu kingine. Mimi mwenyewe sitaki kuikana Fizi ili niweze kufungua akaunti ya benki. Watoto wangu wao ni wa Nairobi, na sitawakatalia. Nchi moja moja haina nafasi ya familia kama hii. Jumuiya ndiyo pekee inayoweza kumwambia mtu: wewe ni wa kwetu, wala hatukudai umzike mtu uliyekuwa.

Kwa hiyo naomba haya. Itifaki ya Soko la Pamoja irekebishwe ili raia wa nchi mwanachama aliyelazimika kukimbia abaki na haki zake zote za Jumuiya za kusafiri, kufanya kazi na kuishi, bila kuuacha ulinzi wake wa ukimbizi. Bunge la Kenya likitazame upya kifungu nilichoanza nacho, na neno la kuacha liondolewe. Hati ya kusafiria ya mkimbizi, ambayo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 unazitaka nchi ziitoe, ipokelewe Namanga, Gatuna, Kabanga na Busia kama inavyopokelewa pasipoti ya Afrika Mashariki. Vyeti vya shule za kambini vitambuliwe katika nchi zote nane. Hili ni dogo na lingeweza kufanyika mwaka huu.

Na kwenu wa Kinshasa, ambao ni serikali yangu: tupeni pasipoti popote tulipo bila kuhoji kwa nini tuliondoka, na msikubali tena sheria inayomtaka mtu yeyote wa Kivu athibitishe mababu zake.

Mkataba wenu wenyewe, katika ibara ya 124, unaahidi utaratibu wa pamoja wa kushughulikia wakimbizi. Ahadi hiyo ina umri wa zaidi ya robo karne. Mazungumzo ya Nairobi, Doha na Washington kuhusu amani ya mashariki ya Kongo yamezungumza juu ya majeshi, madini na mipaka, na ni sawa yazungumzwe. Lakini hata amani ikija kesho asubuhi, wapo watakaorudi na wapo ambao hawatarudi, na wa kundi la pili hawana aliyewasemea mezani. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unakataza mkimbizi kurudishwa kwa lazima, kwa hiyo watakuwapo, kwa haki kabisa, katika nchi zenu.

Naomba jambo hili liwekwe kwenye ajenda ya kikao chenu kijacho, na kwamba wakimbizi wenyewe, wanawake kwa wanaume, kutoka Nyarugusu, Kakuma, Nakivale ya Uganda na Rugombo, waitwe kutoa maelezo yao mbele ya Bunge la Afrika Mashariki. Wapewe vibali vya kusafiri hadi Arusha, kwa maana kwa sheria ilivyo leo wengi wao hawataweza kufika.

Wenu katika Jumuiya,

Mwandishi Mkongo, mkimbizi
Nairobi